Vipimo Vilivyobadilisha Nyumba Yetu kwa Ajili ya Binti Yangu

Binti yangu ana mtindio wa ubongo, na hadi alipofikisha miaka 8 nilikuwa nikimbeba mgongoni kutoka chumbani hadi bafuni. Siku moja nilimkuta vifundo vya vidole vyake vimechubuka, kwa kuwa alijaribu kupita peke yake na kiti cha magurudumu, mkono ukabanwa kwenye mwimo wa mlango. Jioni ile ile nilichukua futi kamba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima fremu pekee. Fremu ya bafuni ilikuwa na sentimita 70, kiti sentimita 62, nami nikaridhika. Kumbe ubao wa mlango, hata ukiwa wazi, hula sehemu ya nafasi hiyo, na mikono ya mtoto anayejisukuma nayo inahitaji pa kupita. Fundi aliupanua hadi sentimita 85, akaugeuza ufungukie nje, ili mtoto akianguka ndani tumfikie bila mlango kumkandamiza.

Mteremko wa mlango wa mbele ulinifunza zaidi. Ngazi yetu ina kimo cha sentimita 18, na fundi, kwa nia njema, alijenga mteremko wa sentimita 90 tu. Nilipomsukuma mara ya kwanza, magurudumu ya mbele yaliinuka, kiti kikaniegemea kifuani, naye akanishika mkono kwa nguvu bila kusema neno. Kipimo kinachotumiwa sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo tulivunja tukajenga upya kwa sentimita 216, tukainua kingo za pembeni ili gurudumu lisichepuke, na simenti ikakwaruzwa kwa ufagio kabla haijakauka ili isiteleze mvua inaponyesha.

Swichi za taa zilishushwa tu, ikatosha.

Bomba la kushikilia kando ya choo ndilo ninalowasihi wazazi walifikirie kwa makini, maana mara nyingi kimo chake huamuliwa na mtu mzima aliyesimama. Sisi tulimkalisha kwanza, akanyoosha mkono hadi pale alipoweza kujivuta, nikatia alama ya chaki, kisha fundi akalifunga kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye tofali, si kwenye kigae peke yake. Mwaka huu amerefuka, na alama ya chaki imepanda sentimita 5. Fundi anarudi Jumamosi kulihamisha.