Springi za Kaka

Corolla ya kaka yangu, AE92 yenye injini ya 4A-GE, haikuwa na neno mpaka injini ifike mizunguko 7,000 kwa dakika. Hapo ilianza kukohoa kama mtu aliyepaliwa. Ilikuwa 2012, tunaiandaa kwa autokrosi, mbio za magari za uwanjani, ya Jamhuri Park jijini Nairobi, na kaka alikuwa ameshanunua kemshafti mpya, zile shafti zinazofungua valvu za injini: za nyuzi 264, za kuinua valvu milimita 8.1. Springi nazo, za kuirudisha kila valvu ijifunge, alizipata Kirinyaga Road: za mbili mbili, moja ndani ya nyingine, ngumu kuliko zote zilizokuwa dukani.

"Mzee, hizi hazishindwi," akamwambia fundi.

Mzee alikuwa mtu wa Mombasa, habishani na mteja. Aliniagiza nilete ile mizani ya kupimia uzito wa watu, akaiweka chini ya drili ya kusimama, springi moja ya zamani ikasimama wima juu yake. Akashusha mkono wa drili polepole huku mimi nikishika venia, kile kipimo cha milimita. Kimo cha springi ndani ya silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, valvu ikiwa imefungwa, ni milimita 34.7. Hapo kitabu kinataka kilo 16 hivi. Ile ya zamani ilitoa 13, na nyingine tatu hazikuwa na nafuu. Kikohozi kikajulikana kinatoka wapi. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, shafti kuu ya injini, kwa hiyo kwenye 7,600 kila valvu hufunguka mara 3,800 kwa dakika, zaidi ya mara 60 kwa sekunde. Springi iliyochoka haiwahi kuirudisha. Valvu inabaki inaelea wakati kemu, ile nundu ya kemshafti inayoisukuma, imeshapita.

Kaka akachangamka. Si ndiyo maana kaleta ngumu?

Mzee akaibana moja ya zile mpya kwenye jiliwa hadi mizingo yake ikagusana, akanipa nipime: 26.2. Halafu akachukua chaki, akaandika mlangoni 34.7, akatoa 8.1, ikabaki 26.6. "Mwanangu, hapa una nusu milimita, nayo haijatimia. Mimi nataka moja nzima, au zaidi."

Mizingo ikigusana kabla kemu haijamaliza kuinua, hakuna tena springi, ni chuma kinasukuma chuma, na lazima kitu kivunjike. Ugumu nao una gharama yake: kemu na vikombe vinavyokaa juu ya valvu vinasagika mapema, na injini inakula nguvu zake yenyewe kuzikandamiza springi 16. Kwa Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe haba, nguvu za kuchezea hakuna.

Kaka alinuna, lakini akarudi mjini. Alikuja na springi za moja moja, ngumu kiasi: kilo 21 kwenye kimo kilekile, na jiliwani zikagusana kwenye 25.1. Mzee akazipima zote 16, akazipanga kwa uzito, zilizopungua kidogo akazipandisha kwa vishimu, vile visahani vyembamba vya chuma, chini yake ili zilingane. Kazi hiyo ilikula mchana mzima, na kaka alikuwa akitazama saa kila mara.

Jamhuri gari lilivuta mpaka 7,800 bila kukohoa. Zile za mbili mbili kaka alimuuzia jamaa mmoja wa Nakuru, ambaye swali lake lilikuwa moja tu: ni ngumu kweli?