Nyanya, Mchungaji na Wazalisha wa Misri

Juzi binti yangu aliniletea Biblia jikoni, kidole kikiwa kwenye waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2. "Mama, huyu si ndiye aliyewaambia wakuu, 'Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu'? Mbona hapa anatuambia tutii kila kiamriwacho na watu?" Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, maswali ya aina hii hayaishi nyumbani kwetu. Nilimwambia ni Petro yuleyule. Zaidi ya hapo nilikuwa na kisa cha nyanya tu.

Ni cha 1988, mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa KANU, chama pekee cha siasa nchini wakati huo, Februari, hapakuwa na kura ya siri: ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako au wakala aliyeshika picha yake, mkahesabiwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Kwetu foleni moja ilizunguka uwanja wa shule hadi nyuma ya vyoo. Ya pili haikufika hata katikati ya uwanja. Msimamizi akamtangaza mwenye foleni fupi.

Jumapili iliyofuata mchungaji alifungua Warumi 13: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Akasema manung'uniko yakome. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia Askofu David Gitari wa Anglikana alikuwa amehubiri Danieli 6, kisa cha Danieli aliyekaidi amri ya mfalme akatupwa kwa simba, kule Nyeri na wanasiasa wakamjia juu. Ikiwa askofu alisakamwa hivyo, mchungaji wa kanisa la mabati angeponea wapi?

Ulipofika wakati wa matangazo, nyanya alisimama. Alikuwa mkunga. Wengi wa waliokaa kwenye mabenchi yale aliwapokea kwa mikono yake. Akakaza leso kiunoni.

"Mchungaji, sina tangazo, nina ombi. Umetusomea vizuri. Sasa mtoto huyu atusomee wale wazalisha."

Mtoto huyu nilikuwa mimi. Nyanya hakujua kusoma, lakini macho yake yalitunga uzi kwenye sindano jioni bila taa, na Biblia aliijua kwa kusikia, kwa sababu kila usiku nilimsomea. Nilisimama na Kutoka sura ya kwanza mbele yangu. Karatasi zile nyembamba zilinata kwenye vidole vyangu vilivyolowa jasho. Farao anawaamuru Shifra na Pua wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Lakini wale wazalisha walikuwa wakimcha Mungu, wasifanye kama walivyoamriwa na huyo mfalme wa Misri..."

"Rudia hapo," nyanya akasema.

Nikarudia. Safari hii sauti ilitoka. Nje kuku walikuwa wakiparua, na ndani hakuna aliyekohoa. Nilipofika pale wazalisha wanapomwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania ni hodari, huzaa kabla mzalisha hajafika, mama mmoja upande wa kushoto alicheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Nikasoma mpaka Mungu anapowatendea mema. Nyanya akasema asante, akaketi. Mchungaji alinitazama kitambo, kisha akasema tuombe.

Njiani nilimuuliza, "Nyanya, lakini si walidanganya?"

"Aliyewauliza alitaka kuua watoto," akasema. Tukatembea. Kisha: "Na alipowaita, walikwenda. Hukusoma kwamba walimtukana."

Habari zilimfikia chifu, na wiki hiyohiyo akaitisha baraza. Nyanya alifika mapema, akasimama chifu alipoingia, akamwamkia kwa heshima zote. Mimi nilikaa kwenye nyasi, nyuma ya akina mama. Chifu alizungumzia mambo ya mitaro, kisha akauliza mtoto aliyesoma maneno ya uchochezi kanisani ni wa nani. Kimya. Akamgeukia nyanya.

"Chifu, watoto wa kanisa ni wengi," nyanya akasema, "na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Akamgeukia mchungaji, aliyekuwa amekaa naye meza kuu. Mchungaji alijua jina langu, ndiye aliyenibatiza. Akasema alikuwa ameinamisha kichwa katika maombi, hakuona.

Jumapili iliyofuata alirudi kwenye Warumi 13 na kuisoma kwa imani ileile. Nilikuwa mdogo, nikaona ni unafiki. Leo sioni hivyo. Paulo aliyeiandika sura ile ndiye aliyeteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu akimkimbia liwali, na sijawahi kusikia kwamba aliufuta mstari hata mmoja. Nadhani mchungaji aliyaamini yote mawili, utii na kile alichonifanyia mezani pale. Mpaka uko wapi, hakunionyesha, na mimi mwenyewe bado ninautafuta.