Motisha kwa wachambuaji wangu wa dagaa: nilipokosea na nilipopatia

Mteja wangu wa Dodoma alinipigia saa moja asubuhi, hata salamu hakuimaliza. "Mama, dagaa wako wa safari hii wana mchanga." Nikamwomba picha. Akanitumia kiganja chake, na juu yake punje za mchanga, magamba mawili ya konokono na kijiti cha nyasi, vyote vimetoka kwenye pakiti moja ya nusu kilo yenye lebo yangu. Niliiangalia ile picha muda mrefu nikiwa nimekaa juu ya gunia. Nilijua chanzo chake. Ni motisha niliyoianzisha mwenyewe mwezi mmoja kabla.

Nina banda la kuchambua na kufungasha dagaa hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Pale Mwaloni dagaa wanashushwa kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa Victoria, na wanunuzi wanatoka hadi Kongo na Burundi. Sisi ni wadogo tu: wanawake tisa wanachambua, vijana wawili wanabeba na kupima. Kazi ya kuchambua anayeiona kwa mbali huidharau. Unachekecha kwanza mchanga utoke, unapepeta kwenye ungo, halafu unamwaga mezani na kuanza kutoa kwa vidole furu (visamaki vingine vya ziwa), uduvi, makonokono na majani. Dagaa walioanikwa kwenye chanja wana nafuu. Walioanikwa chini wanakumalizia siku nzima.

Nilikuwa nalipa shilingi 8,000 kwa siku kwa kila mmoja, anayejituma na anayepiga soga wote sawa. Nikaona hiyo si haki. Nikatangaza kwamba 8,000 inabaki palepale, ila kila kilo inayozidi 30 ina nyongeza yake. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Banda lilikuwa kimya, mikono inakimbia, na mzigo wa siku nne ukaisha kwa siku tatu. Ndipo ikaja ile simu ya Dodoma, na kabla wiki haijaisha zikaja nyingine mbili.

Sikumlaumu mtu. Nililipia kilo, wakaniletea kilo. Usafi haukuwa na bei, kwa hiyo ukaachwa.

Nikafuta nyongeza ile na kuleta jambo jingine nililoliona zamani nikiwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kule kila Mei Mosi mtu mmoja alitangazwa mfanyakazi hodari, akapewa cheti na bahasha. Mimi nikaweka doti ya khanga kwa mchambuaji bora wa mwezi. Aliyeshinda mwezi wa kwanza alistahili kabisa, hilo nalisema hadi leo. Siku tatu baadaye ungo wake ulifichwa, na hakuna aliyekubali kumwazima wa kwake. Alinifuata nje machozi yakimlenga: "Mama, mwezi ujao usinipe mimi." Khanga zilizobaki nikazigawa kwa wote Krismasi, na habari hiyo ikaishia hapo.

Binti wa mdogo wangu anasoma chuo kikuu cha SAUT, kule Malimbe. Nilipomsimulia akaniambia, "Mama mkubwa, hilo tumelisoma darasani." Akanieleza habari za Safelite, kampuni ya Marekani inayobadilisha vioo vya magari. Katikati ya miaka ya 1990 iliacha kuwalipa mafundi kwa saa ikaanza kulipa kwa kila kioo. Mchumi Edward Lazear akazichambua hesabu zao, na katika utafiti wake uliotoka mwaka 2000 akaonyesha kwamba kazi kwa kila fundi ilipanda kwa asilimia 44 hivi. Karibu nusu ya ongezeko hilo ni mafundi walewale kuongeza bidii. Sehemu iliyobaki inahusiana na kampuni kupata na kubaki na watu wenye kasi zaidi. Nikamuuliza kwa nini basi kwangu imeharibika. Akasema kule kioo kikiwa kimefungwa vibaya, aliyekifunga alijulikana, na alikirudia yeye mwenyewe.

Pakiti zangu hazikuwa na mwenyewe. Tisa walichambua, zikaingia boksi moja, zikaondoka.

Tukagawana meza tatu, kila meza watu watatu, na kila meza ikapewa namba inayopigwa muhuri kwenye lebo. Jumamosi mchana nachota pakiti tano za kila meza bila kuchagua, nazifungua mbele ya wote na kumwaga kwenye sahani nyeupe ya bati. Dagaa wanaondolewa taratibu, halafu sahani inainamishwa kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Mchanga hauna pa kujificha kwenye weupe ule. Ikiwa safi, meza nzima inapata nyongeza ya kilo zake palepale, fedha mkononi. Ikiwa chafu, nyongeza ya wiki hiyo haipo, lakini malipo ya siku hayaguswi. Wiki ya tatu niliwasikia wanakumbushana wenyewe kwa wenyewe, "Dada, rudia hapo, sahani itatuumbua."

Yule binti hakuishia hapo. Mzigo ukiwa mwingi tulikuwa tunakaa hadi saa mbili usiku, nami nawanunulia chipsi na soda nikijua hiyo nayo ni motisha. Akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu. Niliona aibu. Muda wote huo nilikuwa naita zawadi kitu ambacho ni stahili yao. Siku hizi saa za ziada zinaandikwa daftarini na kulipwa, na chipsi bado nanunua.

Lakini lililobadilisha banda langu kuliko yote nilielezwa na mama mmoja wa Magu, mtu mzima kuliko sote. Nilimuuliza tukiwa wawili, akanijibu, "Mwanangu, hela ya Jumamosi ni nzuri. Mbalamwezi ikifika, wajukuu wangu wanakula nini?"

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola. Wanaufuata mwanga wanakusanyika, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, taa haiwavuti tena, na mitumbwi inapumzika. Mzigo unapungua Mwaloni, bei inapanda, na mimi nilikuwa nawaambia watu wakae nyumbani hadi giza lirudi. Bila malipo. Ndipo nikaelewa kwa nini siku za mwisho kabla ya mbalamwezi kazi ilikuwa inazorota kila mwezi: walikuwa wanauvuta mzigo udumu. Nyongeza ya kilo ingewezaje kushindana na hofu ya wiki nzima bila senti? Tena wengine waliondoka wakati huo wakatafuta mabanda mengine, nami naanza kufundisha wageni upya.

Sasa giza likiwepo na bei ikiwa chini, nanunua magunia ya akiba na kuyapanga juu ya mbao yasipate unyevu. Mbalamwezi ikifika kuna cha kuchambua. Kikiisha, wanabandika lebo, wanashona magunia na kukarabati chanja kwa nusu ya malipo ya siku. Mwezi wa kwanza nilipowalipa, mama wa Magu alizihesabu zile noti, akazifunga kwenye pindo la khanga na kusema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante kwa Kisukuma. Tangu hapo aliyeondoka ni mmoja tu, naye alihamia Geita kwa mumewe. Kilo kwa siku hazijafikia zile za wiki ya mbio, ila zimepita za mwanzo, na simu za mchanga zimekoma.

Jumamosi iliyopita mmoja wa vijana wabebaji aliniuliza, "Mama, na sisi sahani yetu ipi?" Ana haki ya kuuliza. Gunia likiburutwa kwenye sakafu yenye maji, dagaa wanaharibika kabla ya kufika mezani. Nimewaahidi jibu kabla ya mbalamwezi ijayo.