Vipande vilivyosalia

Somo la juma: Yohana 6:1-13

Wapendwa wa shirika letu, amani ya Bwana iwe nanyi.

Mnaikumbuka Jumapili ya komunyo ya kwanza. Watoto walimeremeta, kwaya iliimba hadi sauti zikakauka, na chakula, tusiseme uongo, kilitosha hata kwa wale ambao hawakualikwa. Wali, sombe (majani ya muhogo), sambaza za kukaanga (samaki wadogo wa ziwani), sukre, yaani soda, kwa wadogo. Mimi kama prezida wa shirika nilipewa mikro (kipaza sauti), nikashukuru kuanzia Padri hadi mwenye viti vya kukodi. Nikagusia pia kuitunza kazi ya mikono ya Mungu, watu wakapiga makofi. Kisha sisi wa komite tukarudi chini ya hema, tukakaa, tukaanza kupongezana.

Uwanja huo, utadhani mvua ya plastiki imenyesha. Chupa, sahani za kutupa, sashe, yaani mifuko ya plastiki, kila kona.

Mama mmoja ambaye sikumtaja katika shukrani zangu zote (hukaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango) alichukua gunia tupu la makala (makaa ya kupikia), akaanza kuokota. Hakuita mtu. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo ule ule wa matoleo tuliouimba asubuhi. Katoto kamoja ka komunyo kakamfuata, kisha kengine, mara likawa kundi, wanashindana nani ataleta chupa nyingi, na mama zao huku wanapiga kelele: nguo, nguo! Kicheko chote cha sherehe kikahamia upande ule. Upande wetu tulikuwa tunabishana juu ya hesabu ya viti.

Nilimfuata, nikamwambia, "Mama, acha tu, kuna vijana tumewalipa kusafisha."

Akajibu bila kuinuka: "Papa Prezida, wale mmewalipa kutupa. Wanatupa wapi?"

Sikujibu, maana najua wanatupa wapi. Ninyi pia mnajua.

Sisi wa Bukavu tunakaa kwenye mteremko. Kinachotupwa kule juu, mtaa wa Kadutu, hakibaki Kadutu. Mvua moja tu, mtaro unakipeleka mto Kahwa, Kahwa unakipeleka ziwani. Na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mlango huo uko hapa kwetu, pale mto Ruzizi unapoanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Kilometa chache kutoka hapo liko bwawa la Ruzizi ya kwanza, la tangu mwisho wa miaka ya 1950, linalotupatia umeme. Niliwahi kufika pale. Chupa zilikuwa zimeshonana juu ya maji kiasi kwamba kuku angeweza kuvuka bila kulowa miguu. Takataka hizo zikisogea zinaziba njia ya maji ya kuzungusha mashine, mashine inasimamishwa, na mji unakaa gizani wakati wazamiaji wanazitoa. Umeme hukatika kwa sababu nyingine pia, sitaki kuzisingizia chupa kila kitu. Lakini tangu siku ile, taa ikizimika nikiwa katikati ya rozari, sina tena haraka ya kuwalaumu watu wa umeme. Huenda ni chupa yangu imefika.

Turudi kwenye somo. Yesu anataka kuulisha umati, na mwanafunzi wake Filipo anapiga hesabu: hata mikate ya dinari 200 haitatosha kila mtu apate kidogo. Kila komite ina Filipo wake, nami simlaumu, lazima awepo mtu wa kushika daftari. Andrea anamleta mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri, mkate wa maskini, na samaki wawili. Mimi nikisoma hapo huwa nawaona sambaza, ingawa najua sambaza wenyewe ni wageni Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika karibu miaka ile ile bwawa lilipojengwa. Watu wanakaa kwenye majani, wanaume kama 5000, wanakula, wanashiba.

Hapo ndipo wengi tunapofunga Biblia na kusema Amina. Yesu hajamaliza. Anawaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu.

Hebu fikirini. Aliyetoka kuzidisha mikate sasa hivi, mkate ukipotea una hasara gani kwake? Kesho akitaka atazidisha tena. Kama yupo mtu duniani ambaye angeweza kusema "acheni, tutapata vingine," ni yeye. Hasemi. Alikuwa ameshukuru juu ya mikate ile kabla ya kuigawa, na kitu ulichokishukuru mbele za Mungu unakikanyagaje dakika kumi baadaye? Mimi nilisali juu ya chakula cha komunyo kwa sauti kubwa, katika mikro. Wali ule ule ulikuwa chini ya kiti changu.

Jambo lingine lilinichoma zaidi. Amri ya kuokota haikupewa umati. Haikupewa hata yule mtoto mwenye mikate. Walipewa wanafunzi, yaani komite! Hawa hawa ambao baadaye watabishana njiani nani kati yao ni mkubwa. Vikapu vilijaa kumi na viwili, na wao walikuwa kumi na wawili. Naona kila mmoja aliteremka na mzigo wake begani, na pengine akinuka samaki, maana Marko anatuambia kwamba katika vikapu vile vilikuwemo na vipande vya samaki. Hilo lilikuwa darasa lao la uongozi, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba walilalamika. Nadhani walicheka. Ukibeba kikapu kilichojaa mahali ambapo asubuhi mlikuwa mnaulizana mtapata wapi chakula, utaachaje kucheka?

Wengine mtaniambia: Papa, katika mateso haya ya Kivu, nani ana nafasi ya kuwaza chupa na miti? Swali hilo ni la haki, nami nimelibeba muda mrefu. Nilipata jibu mahali ambapo sikulitafuta, Kumbukumbu la Torati 20:19. Sura hiyo ni ya vita. Askari wameuzingira mji siku nyingi, wana shoka mikononi, na hapo hapo Mungu anawakataza kuikata miti ya matunda. Hakungoja amani ije ndipo atoe sheria ya miti. Sisi tuna Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo wazungu wamevuka bahari kuja kuona sokwe wake. Miti yake imegeuzwa makala katika miaka hii ya bunduki, na makala hayo yameivisha maharagwe ya watu. Ya kwangu pia, pengine. Sijawahi kumuuliza muuzaji gunia limetoka msitu gani. Niliuliza bei tu.

Basi nyumbani tumebadilisha mambo madogo. Niseme ukweli, mama watoto aliyajua yote kabla yangu, mimi ndiye niliyechelewa kusikia. Maharagwe yanalowekwa usiku. Sufuria inafunikwa, na jiwe linawekwa juu ya kifuniko. Mbabula (jiko la makala) ya bati tupu imeipisha ile yenye udongo ndani, inayoshika moto. Chakula kikiiva, makala yaliyobaki hayaachwi yafe bure, yanazimwa na kutunzwa kwa ajili ya kesho. Hivyo nayo ni vipande vilivyosalia. Majani na maganda ya jikoni yanaenda kwa simbiliki wa watoto (wanyama wadogo wa kufugwa), samadi ya simbiliki inaenda kwenye mboga za lengalenga nyuma ya nyumba. Gunia lililokuwa linaisha kabla ya mwezi sasa linavuka mwezi.

Nilitegemea nitajisikia maskini. Kumbe jioni zetu zimekuwa ndefu na nzuri. Mbabula ni moja, kwa hiyo tunaingoja sufuria moja, wote tumeizunguka, na katika kungoja huko watu wanazungumza. Watoto wamewapa simbiliki majina. Mmoja wamempa langu, kwa sababu, wanasema, anakula kuliko wote na hafanyi kazi. Nimecheka nyumbani kwangu mwezi huu kuliko mwaka jana mzima.

Kuna watakaosema kazi hii ni ya Serikali. Serikali ilitoa dekre (amri) tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza sashe za plastiki. Nenda leo soko la Kadutu ukanunue nyanya, kisha uniambie umezibeba ndani ya nini. Wakati huo huo, hapa hapa mjini, wapo watu wanaochukua plastiki iliyotolewa majini na kuisuka iwe vikapu. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimama barabarani peke yangu nikitabasamu kama mwehu. Vikapu, tena!

Jumamosi hii salongo yetu, kazi ya pamoja ya usafi, ni kwenye mtaro wa nyuma ya kanisa, saa moja ya asubuhi, kabla mvua haijatuwahi. Komite ifike kwanza, mimi nikiwa wa kwanza. Nimemwomba yule mama atuongoze. Amekataa kuitwa kiongozi, ila amekubali kutupangia magunia: moja la chupa, moja la sashe, moja la vinavyooza. Mikro haitakuwepo. Watoto waje na nguo zilizochakaa, akina mama mmenisikia. Tukimaliza tutasali Baba Yetu hapo hapo mtaroni, na tukifika penye mkate wetu wa kila siku tutanyamaza kidogo, kila mtu na gunia lake miguuni.