Siagi ilipokataa kushikana

Krimu tuliyoengua juu ya maziwa ya Masisi, eneo jirani la wafugaji, yaliyochemshwa hapa nyumbani Goma, ilibaki povu tu, watoto wakitikisa chupa hadi mikono ikachoka. Tatizo lilikuwa baridi: krimu ikitoka tu kwenye frigo, vitone vya mafuta huwa vigumu mno, havishikani. Niliiacha mezani ifike karibu nyuzi 15, nikajaza chupa theluthi moja tu ili krimu ipate nafasi ya kujigonga. Watoto wakapokezana wakiimba. Ikawa nzito, chupa ikanyamaza kabisa (hapo wengi hukata tamaa!), kisha ghafla, chubwi, mabonge ya manjano yakaelea ndani ya maji meupe. Tukayaosha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, maana maziwa yakibaki ndani siagi huchacha upesi. Chumvi kidogo, mkate wa moto, wakala.