Tangi la furu: kutoka Nyegezi hadi Buswelu

Jumatatu

Funguo za nyumba ya Buswelu, hapa Mwanza, nimekabidhiwa, mzigo unahama kutoka Nyegezi Jumamosi. Makochi na vyombo vina watu wa kutosha wa kuvibeba. Tangi la samaki nalisimamia mwenyewe.

Lina urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 50, kioo cha milimita 10. Likijaa hadi ukingoni ni lita 240, yaani kilo 240 za maji peke yake, na kioo kitupu kinazidi kilo 50. Kwa hiyo haliinuliwi na maji, hata yakibaki ya vidole viwili. Maji yakiyumba upande mmoja kitako kinapinda na silikoni ya pembeni inaachia. Huenda lisivuje siku hiyo, likaja kuvuja wiki ya pili usiku wa manane.

Waliomo ni furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hawa wakiwa wa miambani, wale ambao wavuvi wanawaita mbipi. Kwa jina la kisayansi ni Pundamilia nyererei, waliopewa jina la Mwalimu Nyerere na kuandikwa rasmi na wataalamu mwaka 1985. Dume akikomaa mgongo unakuwa mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi, na kwangu hakuna samaki wa dukani anayemfikia. Wazee wa huku wanakumbuka ziwa lilivyokuwa limejaa furu wa kila namna. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na alipofurika miaka ya 1980 aina nyingi zikatoweka, nyingine hata jina hazijapata. Hawa wa miambani walisalimika zaidi kwa kuwa nyufa za mawe ziliwapa pa kujificha. Ndiyo maana sitaki hata mmoja afie njiani.

Jumatano

Nimeshinda Buswelu. Fundi wa kuchomelea ameleta meza ya chuma, tukaiweka ukuta wa ndani, mbali na dirisha la magharibi. Jua la jioni lingepasha maji moto na kuotesha ukijani kwenye kioo. Pima maji ilionyesha sakafu imelala kidogo upande wa mlango, tukasawazisha miguu. Juu ya ubao nimetandika sponji nyembamba ili kioo kisikalie uvimbe wowote.

Pipa nimelijaza maji ya bomba na kuliacha wazi, pampu ndogo ya hewa ikitoa mapovu ndani yake. Maji ya bomba ya Mwanza ni ya ziwani, chanzo chake cha Capri Point kinajulikana, hivyo samaki hawa hayawi mageni kwao. Kinachonipa shida ni klorini tu, na hiyo inaondoka yenyewe maji yakikaa wazi siku moja au mbili.

Jike mmoja amebeba mayai mdomoni. Koo limejaa na chakula hagusi. Mayai na vitoto hukaa humo wiki mbili hadi tatu, na mama akishtuliwa huweza kuyatema au kuyameza. Jioni nilipita Luchelele kwa mzee mmoja mvuvi ambaye amewajua furu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wavu usimpelekee huyo, mwanangu. Punguza maji, umkinge na bakuli, aingie mwenyewe.”

Alhamisi

Nimesimamisha chakula. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji ya ndoo.

Jumamosi

Tulianza alfajiri kabla ya joto. Maji ya juu, ambayo ni safi, tuliyavuta kwa mpira hadi karibu nusu ya tangi ikaingia kwenye madumu. Kisha mawe yakatoka yote. Hili watu huliruka: ukiwafukuza furu kwa wavu katikati ya mawe utachoka wewe na watachoka wao, na jiwe likianguka linaua. Maji yalipobaki kina kifupi niliwachota mmoja mmoja. Jike aliingia kwenye bakuli taratibu, akapewa ndoo yake yenye mfuniko. Dume mkubwa naye peke yake. Gizani wanatulia.

Sasa sponji la chujio. Likikauka, au likisuuzwa chini ya bomba, unakuwa umehamisha kioo na samaki tu, na tangi umeanza upya. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Wanahitaji unyevu na hewa wakati wote. Kwa hiyo lilisafiri kwenye ndoo ya maji ya tangi, mfuniko wazi, pampu ya betri ikipuliza. Changarawe niliisuuza kwa maji yaleyale ya zamani mpaka tope likapungua, maana tope hilo likitibuliwa ndani ya tangi jipya ni sumu tupu.

Kirikuu ilipita Mkuyuni, Igogo, mjini, tukashika barabara ya Musoma. Tangi tupu lililala juu ya godoro. “Kaka, matuta yote mdogo mdogo,” nilimwambia dereva, naye akaendesha hivyo hadi mlangoni.

Kule mawe yalitangulia, yakakaa moja kwa moja kwenye kitako na changarawe ikafuata, kwa sababu furu huchimba na jiwe lililokaa juu ya changarawe huja kuanguka. Ni mawe ya hapahapa Mwanza. Nilishayakamulia limao zamani, hayakutoa povu, kwa hiyo hayana chokaa. Nimeyapanga tofauti kabisa na mwanzo. Kila dume alikuwa na pango lake Nyegezi; pakibadilika, wote wanaanza kuwa wageni na ugomvi unagawanyika. Chujio likawashwa kabla samaki hawajaingia. Taa haikuwashwa siku ile.

Wiki hii

Jumatatu kipimo cha matone kilionyesha amonia kidogo, nikabadilisha robo ya maji. Maji ya kwangu ni ya alkali, na amonia huumiza zaidi kwenye maji ya namna hiyo, kwa hiyo sikusubiri. Leo amonia hakuna, nitriti hakuna. Wanakula, kidogo kidogo.

Dume mkubwa amepoteza kona aliyoizoea. Aliyekuwa wa pili ameshika pango la kati na rangi yake imewaka kuliko nilivyowahi kuiona.

Jike bado amebeba. Nimemwandalia tangi dogo, na sponji lake nimelitumbukiza ndani ya chujio kubwa tangu Jumapili ili lipate bakteria. Wiki ijayo nalihamishia kule, halafu jike.