Kikokotoo cha bei ya wingu: usiache kisanduku cha kutoa data kikiwa sifuri

Mwenye studio ya video za ndoa pale Kampemba, Lubumbashi, akiuliza wingu (kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti) litamla dola ngapi, wengi humjibu kwa namba moja tu: bei ya giga kwa mwezi. Namba hiyo peke yake ni mtego. Fakture ya mwisho wa mwezi ina mistari mingine, na kikokotoo hakitaijaza kwa niaba yako.

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika namba tatu kwenye karatasi: ukubwa wa data, idadi ya mafaili, na giga ambazo wateja watapakua kila mwezi. Mbili za kwanza utazipata kwa rclone, programu ya bure ya kupandisha mafaili kwenye wingu. Andika `rclone size /media/ndoa`, nayo itakutolea jumla ya mafaili na uzito wake. Usishtuke disiki iliyoandikwa tera 1 ikisomeka 931: rclone inagawa kwa 1024, mtengenezaji wa disiki kwa 1000. Kati ya kampuni za wingu, Amazon nao wanatoza kwa 1024, Backblaze kwa 1000. Namba ya tatu haina programu. Hesabu wateja wako, zidisha kwa uzito wa filamu zao.

Sasa nenda calculator.aws, kikokotoo cha Amazon. Hakuna haja ya akaunti. Bonyeza "Create estimate", chagua eneo (mahali data itakapokaa), tafuta S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, kisha uweke alama kwenye S3 Standard na pia kwenye Data Transfer, yaani kutoa data wateja wanapopakua. Hapa ndipo watu wanapoanguka: wanaijaza ya kwanza, ya pili wanaipita.

Chukua GB 1,000 zilizohifadhiwa na GB 300 zinazopakuliwa kwa mwezi. Ukichagua eneo la Virginia, Marekani, hifadhi ni dola 0.023 kwa giga, yaani dola 23. Giga 100 za kwanza kutoka ni bure. 200 zilizobaki kwa dola 0.09 ni dola 18. Jumla 41. Cape Town, hifadhi ni 0.0274 na kutoa ni 0.154: dola 27.40 na 30.80, jumla 58.20. Watu wa Lubumbashi huvutwa na Cape Town kwa sababu kwenye ramani ni karibu. Kwa programu inayotakiwa kujibu papo hapo, sawa. Kwa filamu ya ndoa inayopakuliwa mara mbili halafu inalala, ukaribu huo unaulipia bure.

Mzigo uleule kwa B2, hifadhi ya Backblaze, ulikuwa kama dola 6 mwaka 2025, kwani kutoa ni bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi. R2, hifadhi ya kampuni ya Cloudflare, hawatozi kutoa hata kidogo. Hifadhi ni dola 0.015 kwa giga, 10 za kwanza bure, basi ni dola 14.85. Kwa studio ya video mimi ningeanzia kwa hawa wawili. Vikokotoo vyote hivi huonyesha bei bila kodi.

Halafu kuna Deep Archive ya Amazon, hifadhi ya mafaili yasiyoguswa mara kwa mara: dola 0.00099 kwa giga, tera nzima kama dola moja! Lakini kila mafaili 1,000 unayopandisha ni dola 0.05. Foto 400,000 ni dola 20 kabla hata mwezi haujaisha. Zifunge kwanza kwa tar, programu ya kukusanya mafaili mengi kuwa moja: ndoa moja faili moja. Ukifuta kabla ya siku 180, siku zilizobaki unazilipa, na faili ukiliomba unaweza kungoja saa 12. Mteja aliyesimama mlangoni hatakuelewa.

Kitu kimoja hakionekani kwenye kikokotoo chochote: umeme ukikatika katikati ya kupandisha faili kubwa, vipande vilivyokwisha kufika S3 vinabaki na vinatozwa, ingawa kwenye orodha ya mafaili huvioni. Kwenye S3 weka kanuni ya kufuta vipande visivyokamilika baada ya siku 7, au endesha `rclone cleanup` kila wiki. Kwa B2 amri hiyohiyo huondoa matoleo ya zamani ya mafaili, kwa sababu B2 huyatunza yote usipoiambia vingine.

Na muda je? Tera 1 kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni siku 18 na nusu, mchana na usiku, bila kukatika. Usiku iache rclone huru, mchana ibane kwa kuongeza hii kwenye amri: `--bwlimit "08:00,200k 19:00,off"`. Hiyo 200k ni kilobaiti, si kilobiti, kwa hiyo ni kama megabiti 1.6. Ukiandika 1M ukidhani ni megabiti moja, umekula laini yote ya ofisi. Umeme ukirudi, rudia `rclone copy` ileile. Itaruka yaliyokwisha fika.